Meno mawili ya mbele yalitoka kwenye ajali, nataka kupandikiza. Nianzie wapi?

SopranoWaUyole

Habari za jioni ndugu zangu. Miaka minne iliyopita, mvua za Februari, bodaboda niliyopanda iliteleza kwenye matope pale Igawilo, nikaanguka kifudifudi. Meno mawili ya mbele ya juu yalitoka palepale. Nikatengenezewa meno bandia ya kuvua, yale yenye plastiki ya pinki inayokaa kwenye kaakaa. Mwaka wa kwanza yalishika vizuri. Sasa yanacheza.

Naimba kwaya ya kanisani. Tukifika kwenye neno "furaha" yanashuka, inatoka "huraha". Jumapili iliyopita nimeimba nimeziba mdomo kwa mkono tangu mwanzo hadi mwisho. Msibani nikipewa makande nayavua kimyakimya, nayafunga kwenye leso, natafuna kwa upande, naomba mtu asinisemeshe.

Kuna fundi ameniambia atanigandishia mengine kwa siku moja, nisivue tena, kwa bei ndogo sana. Nilikaribia kukubali. Ila dada mmoja kazini kanieleza habari za kupandikiza. Nina miaka 43 na nina sukari, natumia vidonge. Kuna aliyefanya? Inauma kiasi gani?

MbaoMafinga

Pole sana dada. Mimi nilipandikiza gego la chini, kliniki moja Dar. Siku ya kufungiwa skrubu kwenye mfupa wa taya sikuumia, ganzi ilikolea. Nilichosikia ni mtetemo ndani ya taya, kama lori la magogo likipita karibu na nyumba. Shughuli ilikuwa siku ya pili: shavu lilivimba hadi mtoto wangu akaniogopa. Wiki nzima uji, viazi vya kuponda na maparachichi.

Watu hawaambiwi hili: unarudi nyumbani bila jino. Wanaweka skrubu tu, wanashona fizi, unasubiri ishikane na mfupa. Mimi nilisubiri miezi mitatu na nusu ndipo nikavalishwa jino juu yake. Safari nne kwenda na kurudi. Jino moja linahesabiwa kwa milioni, na nauli haimo humo. Niliuza miti niliyokuwa nimeitunzia ada. Leo natafuna mahindi ya kuchoma upande ule ule, na sijutii hata mti mmoja.

TabibuMenoNjombe

Dada yangu, umesema "yanacheza". Hapo ndipo pa kuanzia. Plastiki haijabadilika, kilichopungua ni mfupa. Mfupa unaoshika jino unaishi kwa kazi ya mzizi. Jino likiondoka, mwili unaufyonza taratibu, na mwaka wa kwanza ndio unaopungua zaidi. Kwa meno ya mbele ya juu, ukuta wa mfupa upande wa mdomo ni mwembamba hata kwa mtu mzima wa afya, na ajali mara nyingi huuvunja.

Kwa hiyo ukifika kwa daktari usianze na bei. Muulize mfupa uliobaki una unene gani. Picha ya kawaida haioneshi unene, utahitaji ile ya CBCT, inayoonesha taya kwa urefu, upana na kina. Mfupa ukiwa haba, unaongezewa kwanza, kisha unasubiri miezi kadhaa. Jiandae kwa karibu mwaka mzima.

Sukari peke yake haikuzuii. Sukari isiyoshikika ndiyo inayozuia, kwa sababu kidonda hakiponi na skrubu haishiki. Nenda na majibu ya kipimo cha sukari cha miezi mitatu, kile kinachoonesha wastani wa sukari yako kwa muda huo. Sigara nayo inaharibu, kama unavuta.

Skrubu kushikana na mfupa si maneno ya biashara. Mswidi Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mifupa ya sungura miaka ya 1950, akakuta vifaa vyake vya titani, metali inayotengenezewa skrubu hizi, vimeng'ang'ania mfupa, havitoki. Mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, aliwekewa mwaka 1965 na akaishi na skrubu zile hadi alipofariki mwaka 2006.

Na huyo fundi wa siku moja, nakuomba sana, usirudi kwake. Ile plastiki inagandishwa juu ya fizi na kwenye meno mazima ya jirani, mswaki haupiti, chini panaoza. Nimewapokea wengi. Anakuja aliyepungukiwa meno mawili, anaondoka ameng'olewa mengine mawili. Yeyote atakayekugusa, muulize kama amesajiliwa Baraza la Madaktari Tanganyika.

MamaJuniorMakambako

Mimi nilichagua daraja, ndugu, yaani meno bandia yanayobebwa na meno ya pembeni. Halivuliwi, halihitaji upasuaji, na bei ilikuwa nafuu. Ila meno mawili ya pembeni yalisagwa yakawa vijiti ili yabebe. Yalikuwa mazima kabisa. Kama yako ya pembeni ni mazima, fikiri mara mbili.

SopranoWaUyole

Asanteni, nimesoma kila neno. Tabibu, ya pembeni ni mazima, yule fundi aliyagonga kwa kijiko akayasifia. Sasa nimeelewa alikuwa anatafuta pa kugandishia.

Kesho napima sukari ya miezi mitatu. Jumatano naanzia Hospitali ya Rufaa hapa Mbeya, kitengo cha meno, waniambie kuhusu mfupa kabla sijakata tiketi ya Dar. Kaka wa Mafinga, ile miezi mitatu na nusu ulikaa na pengo wazi, au walikupa cha kuvaa? Kwangu ni mbele kabisa, na kwaya hainisubiri.