USHAURI: Nipo jopo la kutathmini mradi wa utafiti wa mihogo, nisaini ripoti?

Mtathmini wa Pwani: Wakuu, heshima kwenu. Nimo kwenye jopo linalotathmini mradi wa utafiti uliolipwa kwa fedha za umma, wa kuzalisha pingili safi za mihogo. Wanasema mbegu yao inastahimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia na wakulima wameipokea. Kwenye makaratasi hakuna kasoro: semina zimefanyika, vitalu vimepandwa, machapisho yapo. Fomu ya alama nayo inauliza hayo hayo. Lakini nikijiuliza kama fedha zimezaa kitu, nasita. Nisaini?

Mama Muhogo: Mwanangu, mimi mkulima, Mkuranga. Majani yasikudanganye. Mliung'oa mkaukata? Shina linaweza kunawiri juu, ukikata mzizi unakuta mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo. Kuna msimu tuliletewa pingili tukaambiwa safi, nikawagawia na majirani. Wakati wa kuvuna tukatupa karibu zote. Mpaka leo kuna jirani hanisalimii.

Jungu Kuu: Tatizo ni fedha jamani. Umoja wa Afrika ulikubaliana Khartoum mwaka 2006 kila nchi itenge angalau asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Nchi nyingi bado hazijafika. Hicho kidogo kinachotoka mkikipa alama za chini, mwakani hakitoki. Saini.

Mtathmini wa Pwani: Mama, tuling'oa kwenye kitalu walichotuonyesha. Mizizi ilikuwa safi.

Mama Muhogo: Walichowaonyesha. Na kwa wakulima?

Mtathmini wa Pwani: Hatukufika, barabara ilikatika kwa mvua.

Kalamu Nyekundu: Nimekagua miradi ya aina hii. Semina ni kazi iliyofanyika, haikuambii kilichobadilika. Uliza ni wangapi wanaendelea kupanda mbegu ile baada ya mgawo wa bure kuisha. Kisha nenda shamba la jirani ambaye hakuwa kwenye mradi. Usipomwangalia huyo, mvua nzuri itahesabiwa kuwa kazi ya mtafiti. Halafu, kiongozi wa mradi unamfahamu?

Mtathmini wa Pwani: Kwenye fani hii wote tunafahamiana.

Kalamu Nyekundu: Nimekuuliza wewe, sio fani.

Mtathmini wa Pwani: Sawa. Alinisimamia shahada ya uzamili, na jina langu limo kwenye andiko la kuombea fedha za awamu ya pili ya mradi huu. Ila ni mtu mwadilifu, na sikumpendelea. Rasimu ya alama nilishaijaza, nimempa 82.

Chui wa Kilosa: Chai hii. Mtathmini husaini tamko la mgongano wa maslahi kabla hajakabidhiwa hata karatasi moja. La kwako liko wapi? Wakuu, tunapotezewa muda.

Dogo Msomi: Hata kama ni chai, ugonjwa ni wa kweli. Mtafiti Storey aliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1936, akiwa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga. Tangu hapo inzi weupe na pingili zenye ugonjwa wanausambaza, na babu yangu aliacha mihogo kwa sababu yake.

Mtathmini wa Pwani: Sio chai. Tamko nilisaini. Wakati ule andiko la awamu ya pili halikuwepo.

Ustadhi: Ndugu, amana ni amana. Fedha ile ni ya yatima na mjane.

Kalamu Nyekundu: Hali ikibadilika, tamko linaandikwa upya. Mwandikie mwenyekiti wa jopo leo: jina lako limo awamu ya pili, unajitoa kwenye kutoa alama, na unaomba mashamba ya wakulima yatembelewe kabla ripoti haijafungwa. Ukurasa mmoja unatosha.

Mtathmini wa Pwani: Nikijitoa, mwalimu wangu atajua nimemgeuka. Na posho nilishapokea yote, pamoja na ya siku za mashamba ambayo hatukufika. Hilo nalo niliandike?

Mama Muhogo: Liandike, mwanangu. Na hao watakaokuja waambie waje na panga, tukate mizizi mbele yao.