Nina milioni 2 ya iafoni (zile za kuchomeka masikioni): IE 600, Blessing 3 au ER4SR? Waliozisikia naomba mje hapa

Fundi_Mitambo_Igoma

Wakuu habari za jioni. Mimi narekodi kwaya hapa Mwanza, leo Igoma kesho Buswelu keshokutwa navuka Sengerema, na kumiksi (kuzipanga sauti zikae sawa) nafanya usiku nyumbani maana mchana pale mtaani kuna mashine ya kusaga na mchomeleaji mlango wa tatu. Spika ninazo ila usiku siwezi kuzifungulia, watoto wamelala na chumba cha mwenye nyumba kimepakana na changu. Sasa zamu yangu ya mchezo imefika, nimekaa na mama watoto tumekubaliana milioni 2 ni ya iafoni, ada ilishalipwa, hilo tumelimaliza.

Shida yangu iko hivi. Zangu za sasa nilichukua Makoroboi elfu 25, zina besi nyingi balaa. Nikimiksi nasikia besi imezidi, napunguza, napunguza tena, halafu mchungaji anaweka wimbo kwenye gari lake unatoka mwembamba, ngoma inalia kama debe. Imetokea mara tatu na mara ya tatu nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma, niliumia sana.

Nimesoma miezi minne nimebaki na hizi: Sennheiser IE 600 (zilitoka 2022 kwa dola 699, draiva moja, yaani kispika cha ndani, ya milimita 7), Moondrop Blessing 3 (2023, dola 319, draiva sita kila upande) na Etymotic ER4SR (2016, dola 350). Naomba mtu aliyeziweka masikioni, siyo aliyesoma tu kama mimi.

Nyegezi_Stendi

Mkuu chukua Sony WF-1000XM5 maisha yaendelee. Zilitoka 2023 kwa dola 299, hazina waya, zinakata kelele, panda daladala kutoka Nyegezi hadi Buzuruga husikii hata konda. Na kama simu yako ni Android inashika LDAC, ile njia ya Sony ya kurusha sauti kwa blutuzi, inafika 990 kbps, hiyo ni sauti nzuri sana kwa blutuzi.

Fundi_Mitambo_Igoma

Asante mkuu, kwa safari naelewa. Ila kwenye kumiksi blutuzi inachelewesha sauti, nikigusa kitufe nasikia baadaye, kazi haiendi. Waya ni lazima kwangu.

Binti_wa_Kitangiri

Kaka IE 600 ninazo mwaka wa pili huu. Nikwambie ukweli wiki ya kwanza nilikaribia kuziuza. Nimetoa hela yote ile halafu besi hamna kabisa, waimbaji wanalia puani, upande wa kushoto ndio mbaya zaidi. Nikaanza kulaumu simu, nikalaumu adapta, kumbe ni vile vimpira vya masikioni. Sikio langu la kushoto ni dogo kuliko la kulia na mimi nilikuwa nimevaa saizi moja pande zote mbili. Kimpira kikiacha upenyo hata kama wa uzi, besi yote inatokea hapo.

Namna ya kujua: weka toni ya hezi 40 (hezi ni mitetemo kwa sekunde), ambayo ni karibu kabisa na waya mnene wa gitaa la besi (ule uko hezi 41), halafu sukuma iafoni ndani taratibu kwa kidole. Ukisukuma besi ikapanda ujue palikuwa panavuja. Pakikaa sawa ukimeza mate utasikia sikio limezibwa kidogo. Mimi sasa hivi kulia nimevaa ya kati, kushoto ndogo ya sponji, na niliposikia besi ya kweli kwa mara ya kwanza nilikuwa jikoni naosha vyombo nikasimama kabisa.

Kwa hiyo yeyote atakayekwambia iafoni fulani haina besi muulize kwanza alivaa kimpira gani.

Jambo la pili, sauti kubwa inadanganya. Ukilinganisha iafoni mbili, moja ikiwa juu kwa desibeli moja tu (kipimo cha ukubwa wa sauti) wewe utasema hiyo ndiyo safi, ndiyo ina uhai. Hata ukisikiliza chini sana besi inaonekana imepungua wakati haijapungua, ni masikio yetu tu yako hivyo, watafiti Fletcher na Munson waliliandika tangu 1933. Zisawazishe kwanza ndo uhukumu.

Dagaa_Mwaloni

Wakuu mimi nitasema tofauti na naomba mnisikilize. Mwaka 2017 kuna mtu anaitwa Jeroen Breebaart alichambua vipimo vya hedifoni na iafoni 283 akakuta bei haina uhusiano na mkao wa sauti, yaani jinsi besi, kati na juu vilivyopangwa. 283 siyo chache. Ninazo iafoni za 7Hz Zero 2, dola 25 tu, sauti za watu zinatoka kama watu. Fundi kanunue hizo halafu hela inayobaki weka kwenye maiki, kwaya ikirekodiwa vibaya hata iafoni ya dhahabu haiokoi.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kutoa laki 4 kwenye duka moja kwa iafoni zenye jina kubwa, kumbe feki, maandishi kwenye waya yalifutika mwezi wa pili. Bado inaniuma.

Binti_wa_Kitangiri

Pole sana kaka. Hilo la maiki nakubali. Ila huo utafiti uliangalia mkao wa sauti, haukuangalia sikio linachoka saa ngapi wala vyombo kumi vikipiga pamoja vinatengana vipi. Mtu anayekaa masaa manne usiku anamiksi hilo ndilo linalomhusu.

Nansio_Online

Mimi ni wa ER4SR. Napanda meli ya Ukerewe kila wiki mbili nakaa karibu na injini na sihitaji kupandisha sauti, zinazuia kelele zaidi ya desibeli 30 bila betri wala blutuzi. Sababu zinaingia ndani, ndani kweli, vimpira vyake vina ngazi tatu, siku za kwanza utaona kama zinagusa ubongo, lowanisha kwa maji kidogo zitapita. Hao Etymotic wanatengeneza hii familia ya ER4 tangu 1991 na hawabadilishi badilishi. Maneno ya mwimbaji unayasikia yote, hata anapolamba midomo.

Kasoro ninazo mbili. Nta ya masikio inaziba kile kichujio kidogo mdomoni, sauti inapungua upande mmoja unadhani imekufa, kumbe ni kubadilisha kichujio tu. Na besi ipo lakini haina uzito, unaisikia, huihisi kifuani. Wewe fundi uliyeumia na besi lifikirie hilo.

Na kuzuia kelele siyo anasa. Shirika la Afya Duniani wanasema desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki ndiyo mwisho kwa mtu mzima. Ukiwa kwenye kelele unapandisha bila kujua. Masikio ndiyo ofisi yako.

Malimbe_4

Blessing 3 ninazo, kaka yangu alinitumia. Kati ya sauti ya pili na ya tatu utaona nafasi, kila mtu amesimama mahali pake. Ila ile shingo inayoingia sikioni ni nene, mimi dakika 40 sikio la kulia linaanza kuwaka. Kama una matundu madogo usiagize kabla hujajaribu. Niko Malimbe karibu na chuo, ukitaka kuzijaribu karibu.

Mzee_wa_Rizim_Kirumba

Vijana wangu hamjambo. Nimepiga gitaa la rizim kwenye bendi miaka mingi, sasa nimestaafu nakaa Kirumba. Haya majina mnayotaja siyajui ila kusikiliza najua.

Fundi usihukumu kwa wimbo mpya uliopigwa na kompyuta, huo umeshakandamizwa wote uko sawa juu mpaka chini. Chukua dansi la zamani ambalo unalijua kama njia ya kwenda kwenu. Subiri sebene, pale magitaa yanapochangamka. Solo yuko mbele kila mtu anamsikia, hata redio ya mkulima inamtoa. Wewe mtafute rizim. Iafoni mbaya rizim anageuka kuwa ukungu nyuma ya solo. Iafoni nzuri unamsikia mkono wake, anapiga chini anapiga juu, na pale anapobana waya kwa kiganja isilie. Halafu sikiliza tumba, ngozi ina sauti mbili, kofi na kidole. Ukisikia "ti ti ti" tupu bila ngozi hiyo rudisha dukani. Na la mwisho, sikiliza mlio wa tarumbeta unapoisha, unakwenda wapi. Chumba walichorekodia kina ukubwa wake, iafoni nzuri inakuonyesha ukuta.

Ila usinunue kwa masikio yangu. Nina miaka 67, nilipimwa, juu ya hezi elfu nane siambulii kitu. Ninyi mnaweza kusema hii inachoma juu mimi nikasema tamu, na wote tuko sahihi.

Fundi_Mitambo_Igoma

Shikamoo mzee wangu. Hapo umenifungua macho, mimi siku zote namsikiliza solo. Binti, Malimbe, Nansio, kama mzee ataturuhusu tukutane kwake Jumamosi saa kumi. Dagaa njoo na Zero 2 zako, sitaki kuziacha nje.

Mzee_wa_Rizim_Kirumba

Marahaba. Njooni. Chai ipo, jenereta ya jirani huwa wanazima saa tisa.

Fundi_Mitambo_Igoma

Wakuu narudi na majibu, samahani ni marefu.

Tulikuwa sita kwa mzee. Kwanza nilisawazisha sauti kama Binti alivyosema, nilichukua kipande cha mrija wa dripu, upande mmoja nikachomeka iafoni upande mwingine maiki yangu ya kupimia, nikacheza toni ya hezi 500 moja moja. Siyo maabara lakini nilikuta Zero 2 ziko juu ya zenzake kwa desibeli 4, na kabla ya hapo wote mle ndani tulikuwa tumeshasema Zero 2 ndizo zina uhai. Tuliposawazisha uhai ulipungua. Lile somo peke yake lilitosha.

Kujificha macho tulijaribu ikashindikana maana kila moja ukivaa unaijua kwa mguso, ER4SR huwezi kuisahau. Kwa hiyo badala ya kuuliza ipi nzuri mzee akawa anatuuliza maswali: rizim yuko kushoto au kulia, anabana waya mara ngapi kabla solo hajarudi, tumba ni moja au mbili. Tukawa tunaandika kwenye karatasi kila mtu yake.

Zero 2 nilizinyima heshima na naomba radhi kwa Dagaa. Mwimbaji mmoja na gitaa moja, kwa dola 25, sikuona sababu ya kuongeza hela. Zikaanza kuchoka kwenye sebene vyombo vyote vikiingia, hapo rizim nilimpoteza. Blessing 3 nilimpata rizim haraka kuliko zote, hata mzee alicheka akasema "huyo hapo", lakini sikio la kushoto liliniuma kama Malimbe alivyosema, na mimi nakaa masaa manne. ER4SR maneno yote, pumzi zote, "sss" za soprano zote. Ningekuwa narekodi mahubiri tu ningeishia hapo.

Halafu nikaweka kazi yangu mwenyewe, ile ya kwaya ya Sengerema ambayo haijamiksiwa. Kwenye IE 600 nikasikia mama mmoja wa sauti ya pili anavuta pumzi na kuingia kabla ya wenzake, kidogo tu, ubeti wa tatu. Nimekaa na wimbo huo wiki mbili sijawahi kumsikia. Nikarudisha za elfu 25 za Makoroboi, na huko nako nikamsikia, kwa sababu sasa nilikuwa najua amekaa wapi. Hilo nimelifikiria njia nzima ya kurudi Igoma. Zile za bei ndogo hazikumficha kabisa, ila hazikunionyesha, na mimi usiku wa manane na usingizi nahitaji kuonyeshwa.

Binti alinikopesha IE 600 wiki nzima, Mungu ambariki, kimpira cha sponji pande zote mbili kikanikaa. Nikamiksi wimbo ule ule, besi sikuigusa sana, niliiacha pale niliposikia inatosha. Jumapili baada ya ibada mchungaji akaweka kwenye gari, mimi kiti cha nyuma pale pale. Ngoma ikagonga kwenye mlango, besi ikakaa chini ya waimbaji haikuwafunika, na yule mama wa sauti ya pili niliyemsogeza nyuma akaingia na wenzake. Mchungaji hakusema kitu, aliongeza sauti akaendesha mpaka Mlango Mmoja bila kuongea.

Nimeagiza IE 600 jana. Hesabu ya kodi nimeshaiweka, VAT asilimia 18 na usafiri, hivyo milioni 2 yote inaisha na nyongeza kidogo natoa mfukoni, na Zero 2 moja nachukua mwezi ujao ya kutembea nayo maana hizo nyingine hazitoki nje ya chumba.

Binti nakurudishia Jumamosi kwa mzee, nimezifuta na vimpira vipya nimeweka.

Binti_wa_Kitangiri

Nashukuru kaka. Njoo na huo wimbo wa Sengerema kwenye flashi, mzee anautaka.

Mzee_wa_Rizim_Kirumba

Na ule ambao haujamiksiwa pia. Nataka kumsikia huyo mama.