Hilux iliyosawazishwa na matairi ya 285: yanakwaruza, je, niinue tena?

MkaziWaMtongwe

Waungwana, salamu kwenu nyote. Nina Hilux ya mwaka 2017, ya dizeli, yenye milango minne, ambayo huitumia kupeleka mafuta na vipuri vya mashine kwenye timbo la mawe upande wa Kilifi, na jioni huvuka nayo feri ya Likoni kurudi nyumbani. Kama ilivyo desturi ya pikapu hizi, pua ilikuwa imeinama na tako limeinuka. Mwezi uliopita niliwekewa spesa, yaani vipande vya kuongeza urefu, juu ya shokomzoba za mbele, na mbele ikapanda kama inchi mbili hadi gari likawa sawa. Kisha nikatoa matairi ya kiwandani, yaani 265/65R17, nikavalisha 285/70R17 juu ya rimu mpya za upana wa inchi 8 zilizoandikwa ET0, kwa kuwa muuzaji alinihakikishia kwamba gari likishainuliwa halina tena pa kugusa.

Gari limependeza, sikatai. Tatizo ni kwamba nikirudi nyuma hali nimekunja usukani hadi mwisho, tairi la kushoto hukwaruza nyuma ya gurudumu, pale karibu na miguu ya abiria. Nikitoka ferini wakati maji yamekupwa na gati limekuwa mlima, mbele ikibonyea huku ninakata kona, pande zote mbili husugua karibu na bampa. Plastiki ya ndani ya madigadi imeanza kung'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, na juzi nilisikia harufu ya mpira ulioungua. Fundi aliyenifungia spesa anashauri tuongeze nyingine ili tufike inchi tatu na nusu. Je, kuinua zaidi kutaponya jambo hili, au nitakuwa ninatupa pesa baharini?

KijanaWaBamburi

Yangu ilikuwa hivyo hivyo. Nilichukua grenda nikakata plastiki pamoja na kile chuma cha nyuma ya gurudumu kilichokuwa kinaguswa, na tangu siku hiyo sijasikia kitu. Kazi ya saa moja, usijisumbue kwa mahesabu.

FundiChangamwe

Ndugu Mkazi, spesa ya pili usiiweke. Nitaeleza kwa urefu kidogo, kwa sababu kosa hili ninaliona gereji karibu kila wiki, na wanaolifanya si wajinga. Ni watu walioambiwa kwamba urefu wa gari na nafasi ya tairi ni kitu kimoja.

Spesa inayokaa juu ya shokomzoba haibadilishi mwisho wa safari ya gurudumu. Inabadilisha tu mahali gari linaposimama likiwa limetulia. Gurudumu la mbele linapopanda kwa nguvu, kinacholizuia ni ule mpira mnene ulio kati ya chesisi na mkono wa chini unaoshika gurudumu, na mpira huo hakuna aliyeusogeza. Kwa hiyo ukishuka gatini kwa kishindo, tairi litapanda hadi pale pale lilipokuwa likipanda siku gari lilipotoka kiwandani, ila sasa ni tairi kubwa zaidi. Kipenyo cha 265/65R17 ni takriban milimita 776, na cha 285/70R17 ni takriban 831, maana yake kila upande wa tairi umesogea milimita 27 karibu na bati. Nafasi unayoiona ukiwa umeegesha, ile ambayo watu huipiga picha, inatoweka yote mbele inapobonyea.

Hata hivyo, katika gari lako mkosaji mkubwa si kipenyo, ni rimu. Rimu za kiwandani za Hilux za inchi 17 huwa ET30, yaani uso unaofungwa kwenye habu uko milimita 30 upande wa nje wa katikati ya rimu, na ndiyo maana tairi hukaa limevutwa ndani. Ulipofunga ET0 ulilitoa tairi zima nje kwa milimita hizo 30, na upana wa 285 badala ya 265 ukaongeza milimita 10 nyingine kila upande, kwa hiyo ukingo wa nje umetoka milimita 40. Sasa fikiria mlango na bawaba zake: kilicho karibu na bawaba husogea kidogo tu, lakini kitasa kilicho ncha ya mbali husafiri njia ndefu. Bawaba ya gurudumu lako ni mstari unaopita kwenye boljointi ya juu na ya chini, yaani viungo ambavyo gurudumu hugeukia. Kadiri unavyolitoa tairi mbali na mstari huo, ndivyo linavyochora duara kubwa unapokunja usukani, bega lake la mbele likifuata bampa na la nyuma likifuata sakafu ya abiria. Hakuna spesa ya juu itakayopunguza duara hilo.

Ningekuwa wewe, ningeanza kwa kurudisha rimu zako za zamani na kubaki na matairi hayo hayo, kisha nichunguze nafasi iliyobaki kati ya tairi na mkono wa juu kwa ndani, kwa kuwa huko nako tairi litakuwa limesogea milimita 10 kulikaribia. Baada ya hapo piga alaimenti, nayo usiipige ya haraka haraka. Gari likiinuliwa mbele, mwegemeo wa kuelekea nyuma wa ule mstari wa boljointi, ambao sisi huuita kasta, hupungua, usukani huwa mwepesi kupita kiasi na hukawia kurudi wenyewe baada ya kona. Mwambie fundi wa alaimenti asitosheke na kunyoosha magurudumu tu, bali airudishe kasta kwa kuusogeza mkono wa chini kuelekea mbele kwa zile bolti zake za kurekebishia. Milimita chache zinazopatikana hapo huliondoa tairi kwenye ile sehemu ya nyuma inayokwaruza ukirudi nyuma.

Neno moja la kwetu pwani: bolti hizo hushikwa na kutu ndani ya bushi hadi zinakuwa kitu kimoja na chuma cha ndani. Zipulizie mafuta ya kulegezea kutu siku mbili tatu kabla ya kwenda. Zikikataa, usimruhusu mtu azilazimishe kwa bomba refu, kwa sababu zitakatika, na utabaki na gari juu ya jeki kwa wiki nzima.

Kuhusu inchi tatu na nusu, ekseli fupi za mbele zitafanya kazi kwa pembe kali, buti zake za mpira zitapasuka, mchanga utaingia, na boljointi za juu zitafika mwisho wa uwezo wake kila gurudumu linapoteremka shimoni. Utakuwa umenunua ugonjwa mwingine huku wa kwanza ungalipo.

Na wewe KijanaWaBamburi, plastiki hata mimi huikata, au huipasha kwa hewa ya moto na kuisukuma nyuma. Ila kile chuma ulichokikata, kama ndicho ninachokifikiria, ni mahali ambapo kebini inakalia chesisi. Kikipunguzwa, lazima kifunikwe kwa bamba jipya, kichomelewe vizuri na kupakwa rangi ya kuzuia kutu. Chuma kilichoachwa wazi katika hewa ya chumvi hakichukui muda mrefu. Lete gari nilitazame, sitakutoza kwa kutazama.

MamaMadafuJomvu

Mimi si fundi, lakini nina pikapu kama hiyo na huchukua madafu Kaloleni kuyaleta mjini. Niliweka 265/70R17 juu ya rimu za kiwandani, na mbele niliinua inchi moja tu. Haijawahi kukwaruza, hata nikiwa nimejaza.

Ndugu Mkazi amezungumzia sura ya gari likiwa tupu, nami namuuliza: ukipakia mapipa ya mafuta linakaaje? Tako la pikapu halikuinuliwa kiwandani kwa urembo. Liliinuliwa ili mzigo ukipanda, gari lilale sawa. Mwanzoni nilikuwa nimesawazisha kabisa kama wewe, na usiku wa kwanza na mzigo, kila gari lililokuja mbele yangu kutoka Mariakani liliniwashia taa kamili. Nilidhani wananisalimu. Kumbe tako lilikuwa limezama na taa zangu zinamulika vilele vya minazi. Nilipunguza spesa, nikashusha taa, na salamu zikaisha.

MkaziWaMtongwe

Nawashukuru. Kabla ya kugusa chochote nilifanya jaribio nyumbani. Nilipaka chaki nyeupe kwenye mabega ya tairi la kushoto, nikapandisha gurudumu hilo taratibu juu ya mawe mawili ya kujengea huku la kulia likibaki chini, mke wangu akakunja usukani hadi mwisho kila upande, nami nikachungulia kwa tochi. Chaki ilibaki mahali pawili: kwenye kona ya chini ya bampa, na kwenye mshono wa bati nyuma ya plastiki. Juu kabisa ya madigadi, ambako nilidhani ndiko kwenye shida na ambako spesa ingetoa nafasi gari likiwa limesimama, hapakuwa na alama hata moja. Fundi, umenena kweli.

Swali la nyongeza: mbona safari ya kwenda timboni siku hizi inaonekana fupi kwa hesabu ya kilomita, ilhali barabara ni ile ile?

FundiChangamwe

Kwa sababu tairi kubwa huzunguka mara chache kwa umbali ule ule, na gari huhesabu mizunguko tu. Tofauti yako ni karibu asilimia 7. Spidomita ikionyesha 50, mwendo wako halisi ni 53 na nusu. Ikionyesha 100, unakwenda 107. Polisi mwenye kamera hatasikiliza maelezo ya kipenyo. Kwa chaguo la MamaMadafu, tofauti ni asilimia 3 na nusu hivi, ambayo wengi hawaitambui. Tarajia pia breki kuhitaji mguu mzito zaidi, hasa ukiteremka na mzigo.

Tena angalia tairi la akiba. Likibaki lile dogo, siku ya pancha usilitumie pamoja na matairi makubwa huku umeunganisha magurudumu yote manne kwenye lami, kwa sababu magurudumu yatavutana na mzigo wote utaishia kwenye giaboksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma.

MkaziWaMtongwe

Narejesha taarifa baada ya siku kumi na mbili. Nimerudisha rimu za ET30 na kubaki na 285/70R17. Nafasi ya ndani, kati ya tairi na mkono wa juu, inapitisha kidole kimoja kwa raha. Bampa haiguswi tena. Nimetoka ferini mara sita, mbili kati ya hizo maji yakiwa yamekupwa sana, na sikusikia kitu. Plastiki tumeipasha moto na kuisukuma nyuma, na kipande cha mpira cha kuzuia tope tumekitoa. Bati halikukatwa.

Alaimenti imekamilika upande wa kulia peke yake. Bolti ya nyuma ya mkono wa kushoto imekataa kabisa, kama ulivyotabiri, kwa hiyo tumeagiza bolti na bushi mpya, na mpaka zifike tairi la kushoto bado hugusa kidogo nikirudi nyuma na usukani umekunjwa hadi mwisho. Tairi la akiba la 285 nalo limegoma kuingia chini ya karai, sasa linasafiri nyuma pamoja na mapipa, limefungwa kwa mnyororo. Rimu za ET0 ziko ukumbini, na mke wangu ameanza kuuliza zinaondoka lini.