Mabinti wanasonga, wavulana wanapotelea njiani: wana Tanga, tupeane uzoefu

Mwalimu, Chumbageni:

Wadau, salamu kwenu, na wakubwa shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga mjini, huu ni mwaka wa 17 nashika chaki. Ijumaa nilikaa kufunga rejesta ya kidato cha nne. Majina ya wasichana naandika kwa wino mwekundu, ya wavulana kwa bluu, kwa hiyo hata kuhesabu huhitaji, macho yenyewe yanakuambia. Darasa hili nililipokea kidato cha kwanza likiwa na wavulana 24 na wasichana 26. Wasichana leo wapo 22. Wavulana wamebaki 13.

Kilichoniuma si hesabu hiyo peke yake. Wasichana wale wanne najua kila mmoja alipo: wawili wamehama na wazazi, mmoja anaumwa, mmoja kajifungua na tunafuatilia arudi, maana tangu Novemba 2021 mlango huo uko wazi. Wavulana 11, ninaojua waliko ni watatu tu. Nilimpigia mzazi mmoja kumuulizia mwanawe, akanijibu bila wasiwasi hata chembe: "Mwalimu, yule kashakuwa mwanamume, anajitafutia." Binti akikosekana wiki moja mtendaji wa mtaa anapigiwa simu na dawati la jinsia linatajwa. Mvulana akikosekana miezi miwili watu wanamsifu kwamba kachangamka.

Wala si Tanga tu. Mwaka 2022 waliosajiliwa kufanya mtihani wa darasa la saba nchi nzima walikuwa 1,384,340: wasichana 723,064, wavulana 661,276. Pengo la watoto zaidi ya 61,000, na hapo bado hatujafika sekondari. Ada siyo sababu, ilifutwa mwaka 2016 mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa mpaka cha sita. Akili nayo siyo sababu. Wavulana wanaovumilia mpaka mtihani wa kidato cha nne bado wanawazidi wasichana kwenye madaraja ya juu, na hisabati ndiyo usiseme. Hao wengine wanatoka mmoja mmoja, kimya kimya, na hakuna anayewaulizia.

Sitaki mada hii iwe ya kuwasema mabinti. Mwenye lililomkuta yeye mwenyewe, mwanawe, kaka yake au mumewe, alilete tujifunze.

Dereva boda, Makorora:

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mmoja wa hao. Nina miaka 23, niliishia kidato cha tatu.

Binamu yangu alikuwa na pikipiki, siku moja akaniachia kuanzia saa nane mpaka magharibi. Nikaingiza 12,000. Mama alikuwa anauza vitumbua, kwa siku akibahatika anabaki na 4,000. Nilipofika nyumbani nikampa 5,000 ya unga. Hakuniuliza nimeitoa wapi wala kwa nini sikuvaa sare siku ile. Alizipokea kwa mikono miwili, akaniombea dua. Mwalimu, mimi nilikuwa sijawahi kuombewa dua kwa kufaulu mtihani wowote.

Baadaye nikachukua ya mkataba. Hesabu 8,000 kila siku, mvua jua, ukimaliza miezi 15 chombo chako. Mwezi wa 11 nikavunjika mguu pale karibu na Kange. Wiki tatu sikupeleka hesabu, bosi akaja na mtu wake wakaiondoa. Miezi 11 yote ikaenda na maji. Tulikuwa tumeandikiana, lakini karatasi ile nilisaini bila kuielewa vizuri, na nilipokuja kuisomewa nikakuta kila kitu kiko upande wake.

Sasa mimi ni deiwaka, napewa chombo mwenyewe akipumzika. Mdogo wangu wa kike, niliyekuwa nambeba kwa baiskeli kwenda shule, kamaliza uuguzi. Ndiye anayemnunulia mama dawa za presha. Nampenda na ninajivunia, ila akija nyumbani mimi hutoka nikakae kijiweni mpaka aondoke.

Mama wa watoto wanne, Duga:

Mwanangu wa Makorora, umenitoa machozi. Rudi ukae na dada yako, hakuna anayekuhesabia.

Mimi nilete la kwangu kama mzazi. Nina binti wawili na vijana wawili. Binti niliwaamsha alfajiri, waswali, waoshe vyombo, wafue sare, ndiyo waende shule. Wakirudi wamechelewa wananieleza walikuwa wapi. Vijana wangu walikuta chakula kiko mezani na kimefunikwa. Walirudi saa nne usiku, nikasema wanaume hao. Mkubwa alipoanza kubeti nikajua mapema, maana alikuwa anaamka usiku kuangalia simu, mkeka ukichanika, yaani beti ikiliwa, hali chakula cha asubuhi. Nikanyamaza.

Leo binti mmoja ni mhasibu, mwingine anafundisha. Wavulana wote wawili wako nyumbani. Juzi mkubwa, ana miaka 28, kaniuliza: "Mama, mbona mimi hukunigombeza kama ulivyowagombeza wale?" Sikuwa na jibu. Mabinti niliwalea, wanangu wa kiume niliwafuga.

Nesi, zamu ya usiku:

Mimi nije na la ndani ya ndoa, maana wanaume hawatalisema.

Tulipooana mume wangu alikuwa kibarua wa kiwandani na mimi nipo chuo. Yeye ndiye aliyenilipia mwaka wa mwisho, hilo sitalisahau. Kiwanda kikapunguza watu, yeye hana cheti zaidi ya cha darasa la saba, akawa wa kwanza kutoka. Mimi nikapata ajira. Ikawa mwezi mzima nyumba inakula mshahara wangu. Akaanza kurudi usiku sana, akawa mkali kwa watoto kwa vitu vidogo, mara sukari imemwagika, mara mlango haukufungwa. Nilidhani kapata mwanamke. Kumbe anakaa tu ufukweni Raskazone mpaka watoto walale, ili wasimwombe hela ya daftari.

Alijaribu mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Mimi na wenzangu wa kikoba tulipata. Yeye wakati ule alikuwa na miaka 38 na ukomo wa vijana ulikuwa 35, akarudi na fomu yake imekunjwa mfukoni. Bado ninayo.

Tulichofanya ni hiki. Mshahara ukiingia namtumia yeye kwenye simu kiasi cha matumizi. Asubuhi watoto wakiwa wanakunywa chai, yeye ndiye anayenipa hela ya sokoni na kuwapa wao nauli. Najua wapo watakaosema namdanganya. Mimi nimeona mume wangu amerudi kula mezani na sisi. Sasa ana banda la kutengeneza baiskeli, siku nyingine anapata 6,000, siku nyingine 15,000, na hela ya mboga inatoka kwake.

Mzee wa Pongwe:

Wanangu, mie nimekata mkonge. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa mkonge zaidi ya tani 230,000, na sehemu kubwa ni ya mkoa huu wetu. Kijana wa kiume alikuwa haulizwi cheti. Anaulizwa ana afya? Anapewa panga, anakata matita yake, yanakwenda korona, kiwanda cha kutoa nyuzi, jioni ana hesabu yake. Asiyetaka shamba anakwenda reli, asiyetaka reli anakwenda gatini kubeba magunia. Nguvu ilikuwa na soko. Halafu kamba za plastiki zikaua bei, mashamba yakafungwa, viwanda vya mjini navyo vikafuata kimoja kimoja. Siku hizi hata bandarini mzigo unanyanyuliwa na mashine, anayeiendesha kasomea.

Sisi wazee hatukubadilika. Tumeendelea kumwambia mtoto wa kiume "komaa", kama kwamba shamba bado lipo.

Na jingine, mniwie radhi. Mtoto wa kike hata leo ana somo wake, akivunja ungo kuna mtu wa kumkalisha chini amweleze maisha. Sisi tulipotahiriwa tulikaa kumbini wiki nzima na zaidi, kidonda kinapona huku tunafundwa namna ya kuishi na watu. Wajukuu zangu wanapelekwa hospitali, dakika 20, wanarudi nyumbani na soda. Kidonda kitapona salama zaidi, hilo silikatai. Lakini yale maneno nani anawaambia?

Mwanafunzi wa chuo, nyumbani Muheza:

Shikamoo babu, shikamooni wote. Naomba na mimi nisikike, maana nikisoma hivi naogopa mtu asije akasema mabinti tumependelewa inatosha.

Sheria ya ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana kuolewa na miaka 15 mzazi akikubali, mvulana mpaka 18. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba si halali, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha Oktoba 2019. Hivyo vifungu vilikuwa maisha yangu. Nilipokuwa kidato cha pili posa ililetwa nyumbani, na baba alishakula nusu ya mahari. Hizi shule za sayansi za wasichana, moja kila mkoa, hazikujengwa kwa upendeleo. Zilijengwa kwa sababu ya wasichana kama mimi.

Ila nani aliyerudisha ile posa? Kaka yangu. Alikuwa kidato cha tatu, akaacha shule, akaenda kupakia machungwa kwenye malori. Alimrudishia yule bwana hela yake kidogo kidogo kwa miezi minne, kisha akaanza kunilipia bweni. Nyumba haikuwa na uwezo wa watoto wawili shuleni na yeye alijua hivyo. Mwalimu, kwenye rejesta ya shule yake nadhani na yeye ameandikwa mtoro.

Mvuvi, Sahare:

Mimi si mwandishi, nitasema kifupi. Mwalimu, chukua rejesta yako uiweke pembeni ya kalenda ya Kiislamu. Dagaa tunavua kwa taa, siku za giza, mwezi ukiwa mkubwa hawafuati taa. Kwa hiyo kuanzia mwezi mwandamo tarehe 24 hivi mpaka tarehe 5 ya mwezi unaofuata, vyombo vinatoka kila usiku na watoto wako wapo humo. Wengine wanavuta nyavu, wengine wanasubiri pwani kuchemsha na kuanika. Mwezi ukipevuka wanarudi darasani, wameshapitwa na wanasinzia. Wakigombezwa mara mbili hawaji tena. Mimi wa kwangu nilimkataza asipande chombo, lakini sijawahi kuwakataza wa wenzangu. Njoo Jumamosi asubuhi nitakuonyesha.

Mwalimu, Chumbageni:

Nimerudi. Nimesoma kila mchango, wa babu nimeusoma mara mbili, na wewe binti wa Muheza, tangu nisome wa kwako kila neno "mtoro" kwenye rejesta ile nalitazama kwa jicho jingine.

Nilifanya kama ndugu mvuvi alivyosema. Nikaweka rejesta ya muhula uliopita na kalenda. Majina mawili ya bluu, siku za kukosekana zimekaa makundi makundi, mwisho wa mwezi mwandamo na mwanzo wa unaofuata, kisha mahudhurio, kisha kundi jingine refu zaidi. Miaka 17 naandika alama hizo kwa mkono wangu na sijawahi kuziona.

Jumamosi nimekwenda Sahare. Mmoja nimemkuta anaanika dagaa, shati limeganda chumvi. Kaniamkia, kisha akaficha mikono nyuma. Nikamwambia sikuja kukamata mtu. Tukakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akaniambia baba yake hayupo tangu mwaka juzi na nyuma yake wapo watatu. Nahodha wake alikuwa anatusikiliza, akasema usiku anaweza kumwacha, amlipe kwa kazi ya kuanika jioni. Sijui kama itatosha kwa watoto watatu, na mambo ya chakula chao nimeongea na mtendaji leo.

Nilipoinuka kijana akaniuliza, "Mwalimu, jina langu bado lipo?" Ana siku 41 za kukosekana, hajafika 90 za kufutwa. Rejesta nilikuwa nayo mkobani. Nikaifungua nikamwonyesha. Alifuta vidole kwenye kaptula kwanza, ndipo akagusa mstari wake.

Giza linaisha Jumatano. Alhamisi nitaandika hapa kama amekuja.