Mjadala: Nahodha wa kikosi cha washangiliaji apigiwe kura au ateuliwe?

Mwendesha mjadala
Tangu baraza la wanafunzi wa sekondari lianzishwe Kenya mwaka 2009, shule zimehimizwa kuacha viranja wa kuteuliwa na kuchagua viongozi kwa kura. Kwenye kikosi cha washangiliaji mambo ni tofauti. Shule nyingi hapa Nairobi nahodha bado hutajwa na mwalimu mlezi au na kocha wa kutoka nje. Jina linabandikwa ubaoni Ijumaa, Jumatatu nusu ya kikosi haisalimiani na nusu nyingine. Je, apigiwe kura? Ukijibu, tueleze na namna ya kufanya. Msimamo mtupu tunao wa kutosha.

Kocha, Kasarani
Ateuliwe. Sababu yangu haihusu nidhamu wala alama za darasani, inahusu shingo ya mtoto.

Kikundi cha kubeba, yaani cha kumwinua mwenzao juu, kina watu wanne: wabebaji wawili wanaotazamana, mmoja wa nyuma anayeshika vifundo vya miguu, na wa juu. Hesabu huenda hivi. Moja-mbili, wa juu anaweka mikono kwenye mabega ya wabebaji. Tatu-nne, anaruka na nyayo zinatua kwenye viganja vyao. Tano-sita, wabebaji wanakunja magoti, mgongo ukibaki wima. Saba-nane, wanainuka pamoja mpaka viganja vifike usawa wa mabega. Mbebaji mmoja akianza kuinuka kwenye sita ilhali mwenzake anangoja saba, wa juu analalia upande wa aliyechelewa. Akianguka, huangukia huko huko, na kwa kawaida hutanguliza mkono ulionyooka. Mkono ulionyooka ndio unaovunjika.

Sasa tazameni nani huzoa kura. Ni wa juu, kwa sababu ndiye anayeonekana kutoka jukwaani. Lakini akiwa huko juu haoni chochote kilicho chini yake. Anatakiwa atazame mbele, kidevu juu, manake akiinamisha kichwa mwili wote unafuata. Wabebaji nao macho yako kwake. Anayekiona kikundi chote na kukihesabia ni wa nyuma, na huyo hata jina lake mashabiki hawalijui. Kura itamruka kila mwaka.

Mlezi wa klabu, Buruburu
Kocha, hapo umemtetea anayehesabu, hujamtetea nahodha. Kikosi cha watu 16 kina vikundi vinne na kila kikundi kina wa nyuma wake. Utawapa unahodha wote wanne?

Nahodha ana kazi tatu ambazo tunazichanganya. Anaongoza mazoezi na hesabu. Anaamua uwanjani wimbo upi uanze na unyamaze lini. Tena anabeba maneno ya wenzake kwa mwalimu: sketi imebana, mazoezi yanagongana na ibada, fulani anaumwa goti na anaogopa kusema. Kazi ya kwanza unaweza kuiteulia mtu. Ya tatu huwezi kabisa. Msichana hatamweleza habari za goti lake mtu aliyewekwa na kocha, kwa sababu anajua neno hilo litamfikia kocha kabla ya chakula cha mchana na nafasi yake itakwenda.

Kwa hiyo kura, ila si ile ya kunyoosha mikono. Hiyo ni fedheha, kila mtu anamwangalia rafiki yake. Karatasi za siri, na kila mpiga kura aandike majina matatu kwa mpangilio: wa kwanza pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1. Chukueni kikosi hicho cha 16 chenye wagombea watatu, A, B na C. Kwa kura ya jina moja, A anapata 6, B 5, C 5. A ameshinda, na kumi hawamtaki. Kwa majina matatu, wale kumi wakimweka A mwisho, A anaishia na pointi 28. Wafuasi sita wa A wakigawanyika, wanne wamweke B wa pili na wawili wamweke C, basi B ana 35 na C 33. Anashinda yule ambaye wengi wanaweza kuishi naye. Jumla lazima iwe 96. Isipofika 96, kuna karatasi imejazwa vibaya au imepotea, na mnaanza upya papo hapo kabla watu hawajatoka chumbani.

Mwanafunzi, kidato cha nne
Mwalimu, kwa heshima, hesabu hiyo ni safi kwenye ubao. Kwetu bwenini itachezewa siku hiyo hiyo. Kundi la B litamweka B wa kwanza, halafu wa pili litamweka yule ambaye hana nafasi ya kushinda, ili C asipate zile pointi 2. Kundi la C nalo litafanya hivyo hivyo. Mwishowe anaibuka nahodha ambaye hakuna aliyemtaka, amepita kwa pointi za hasira.

Na uteuzi nao usisifiwe. Mwalimu huteua anayemfahamu, na anayemfahamu ni yule anayebeba madaftari yake.

Mlezi wa klabu, Buruburu
Umenishika. Dawa yake ni kwamba karatasi isiwe na jina la mtu asiyeweza kazi. Mchujo kwanza, kura baadaye. Wakibaki wagombea watatu wote wanaofaa, hata hila ikifaulu, aliyepita anaweza kazi.

Kocha, Kasarani
Hapo tunaanza kuelewana. Tuseme basi mchujo wenyewe ni upi, maana wengi wakisikia mchujo wanadhani ni kupiga msamba na kuruka juu. Kuruka kunaonyesha mrukaji tu.

Mgombea apewe mfuatano mpya wa miondoko, wa hesabu nne za nane, yaani mapigo 32, na wanafunzi watano wachanga kabisa kikosini. Dakika 15 awe amewafundisha. Mwalimu anakaa pembeni, hasemi kitu, anaandika. Kosa la kwanza huonekana dakika ya pili: mgombea amesimama akiwatazama, anasema "kulia" na kunyoosha mkono wake wa kulia. Kwa wanaomtazama, mkono huo uko kushoto. Watatu wanafuata neno, wawili wanafuata mkono, mstari unagongana viwiko. Anayejua kufundisha ama anawageuzia mgongo, ama anasema "kulia" huku akinyoosha wa kushoto, kama kioo. Kosa la pili ni kufundisha mapigo yote 32 kwa mkupuo. Anayefaa anafundisha nane, anarudia mara tatu, anaongeza nane, anarudi mwanzo. La tatu ni sauti. Anahesabu vizuri mpaka pigo la tano, halafu anakimbiza sita, saba, nane kwa sababu ana hamu ya kufika mwisho. Huyo akihesabia wabebaji, ndiyo ile ajali niliyoieleza.

Mpeni alama 10 kwa kila moja: kioo, mpangilio, kasi, na jinsi alivyomrekebisha aliyekosea. Chini ya 25 kati ya 40, jina lisiende kwenye karatasi.

Mpiga isukuti, Kangemi
Samahani walimu, mnaongea kana kwamba mechi inachezwa ofisini. Nusu ya kazi ya nahodha ni kusoma mchezo, na hilo hamjalipima.

Mpira wa vikapu: mapumziko anayoomba kocha wa timu ni dakika 1. Toa sekunde 10 za kuingia na 10 za kutoka, zimebaki 40. Kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, hesabu moja ya nane ni sekunde 4. Basi una hesabu kumi. Nahodha akianzisha wimbo wa hesabu kumi na nne, refa atapuliza filimbi wasichana wakiwa katikati ya uwanja na mtu yuko mabegani. Raga ya wachezaji saba kila upande: kipindi ni dakika 7, mapumziko hayazidi dakika 2. Pale uwanja wa raga wa Ngong Road nyasi zikiwa zimelowa, mwenye akili habebi mtu kabisa, anatumia ngoma na sauti.

Kuna na adabu. Mchezaji akilala chini ameumia, kimya, magoti chini, hata kama ni wa timu pinzani. Mpinzani akipiga mpira wa adhabu, hatupigi ngoma kumvuruga. Nahodha ndiye anayenikatia ngoma kwa mkono mmoja juu. Kama hajui lini ainue mkono huo, mimi nitaendelea kupiga na shule ndiyo itakayotukanwa.

Mwulizeni mambo matano kwa mdomo: tumefunga, tumefungwa, kuna aliyeumia, mapumziko yameombwa, zimebaki sekunde 20 na tunaongoza kwa pointi moja. Unaanzisha nini? Akisita kwenye matatu, bado.

Mzazi, Lang'ata
Mmezungumza yote ila la pesa. Kocha wa nje analipwa na nani? Wazazi. Sare tunanunua wenyewe, vishada vya mkononi wenyewe, basi wenyewe. Mzazi anayetoa zaidi mtoto wake huwa nahodha au wa juu, na sote tunanyamaza kwa sababu tunahitaji mchango wake muhula ujao. Kwa hiyo kocha anayelipwa na wazazi asiwe na neno la mwisho, awe mwadilifu namna gani.

Kocha, Kasarani
Mama, sikasiriki. Karatasi za mchujo zijazwe na watu wawili, mimi na mwalimu ambaye si mlezi, wa michezo mingine au wa muziki. Kila mmoja ajaze peke yake kisha tupige wastani. Tukitofautiana zaidi ya alama 8, mgombea arudie mbele ya mtu wa tatu. Na alama zibandikwe, zote, pamoja na za aliyefeli, ili aende akafanyie kazi alipokosa.

Mwanafunzi, kidato cha nne
Za aliyefeli msibandike, tafadhali. Mpeni mkononi. Ubaoni zitasomwa na shule nzima mpaka afunge shule.

Kocha, Kasarani
Sawa. Mkononi.

Mlezi wa klabu, Buruburu
Niongeze mambo mawili ambayo hayaandikwi popote na ndiyo yanayotuharibia.

La kwanza ni mipaka. Nahodha haadhibu. Kuna manahodha wanaowarusha wadogo kichura kuzunguka uwanja kwa kuchelewa dakika tano, na walimu wanacheka wakiita nidhamu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya kikatili au ya kudhalilisha, ya mwili na ya akili, na haisemi kwamba ni halali ikitolewa na mwanafunzi mwenzake. Isitoshe, goti lililochoshwa na kichura saa kumi ndilo litakalomwachia mtu saa kumi na moja. Nahodha anaandika jina na saa, basi.

La pili ni kumwondoa. Iandikwe kabla ya uchaguzi: mazoezi matatu bila ruhusa, au kumlazimisha mtu abebwe au abebe baada ya kusema hataki, anavuliwa na naibu anashika. Mkiandika baada ya kosa, itaonekana mnamlenga mtu.

Mpiga isukuti, Kangemi
Hilo la kulazimishwa lipigiwe mstari. Na neno "chini!" aweze kulisema yeyote kati ya wanne, hata wa juu mwenyewe. Likisemwa, wanamshusha kwanza. Kuuliza kwa nini ni baadaye.

Mwendesha mjadala
Na wakati? Wengi huchagua Januari.

Kocha, Kasarani
Januari ni kuchelewa. Michezo ya muhula wa kwanza ina raga na mpira wa vikapu, ndiyo yenye mashabiki wengi, na huanza kikosi kikiwa bado kinatafuta sare. Chagueni mwisho wa muhula wa pili. Muhula wa tatu nahodha mpya anakaa kando ya yule wa kidato cha nne, anaongoza zoezi moja kwa wiki, na huyo mkubwa anaondoka kwenda kwenye mtihani wake akiwa ameshakabidhi.

Ila kuna shimo mbele yetu. Desturi ni nahodha atoke kidato cha tatu na naibu kidato cha pili. Mwaka 2026 kidato cha pili hakipo. Kuna kidato cha nne, cha tatu, na gredi ya 10, ya kwanza ya mfumo mpya wa elimu, iliyoingia Januari. Naibu lazima atoke gredi ya 10, akiwa na miezi saba tu shuleni mnapopiga kura. Mwaka 2027 kidato cha nne ndicho cha mwisho cha mfumo wa zamani, na nyuma yake kuna gredi ya 11 na 10 pekee. Huyo naibu mnayemchukulia kama pambo ndiye nahodha wa 2028, na hatakuwa na mkubwa wa kumrithi ila yule mmoja. Kwa hiyo mchujo wa naibu usilegezwe. Mapigo 32, dakika 15, kama wa nahodha.

Mwanafunzi, kidato cha nne
Kocha, na gredi ya 10 wakiwa wengi kikosini kuliko sisi, kura zao zitaamua nahodha pia, na wao hawajamwona mtu yeyote akiongoza mechi hata moja ya muhula wa kwanza kabla ya kuja.

Mlezi wa klabu, Buruburu
Wamemwona tangu Januari hadi Julai, mwanangu. Kama miezi saba haijawatosha kumjua, tatizo liko kwa mgombea. Wapige kura.