Taarifa za chuo mnazipata wapi za uhakika?

Jamani wanachuo naomba kuuliza, chuo chetu ni kidogo tu, karibu wote tunajuana kwa sura, lakini habari ikitoka kila mtu inamfikia kivyake. Juzi imerushwa ratiba ya mitihani kwenye grupu la WhatsApp, watu wakapangua kabisa masomo yao, kumbe ni ya mwaka jana! Nyie mnafanyaje?

Mdau wa Maktaba:
Poleni sana. Tangazo lisilo na tarehe, ofisi iliyotoa na mhuri mimi siliamini hata akilituma rafiki yangu wa karibu. Angalia pia ile mishale miwili juu ya meseji, ujue imeshapita mikono mingi, ndo maana tangu 2020 WhatsApp hawaruhusu kuisambaza zaidi ya chati moja kwa wakati mmoja.

CR wa Zamani:
Mkuu hapo juu kasema kweli, ila shida kubwa ni grupu moja kubeba kila kitu, yaani tangazo la mtihani limebanwa kati ya simu iliyopotea na mabishano ya mpira, nani atalitafuta? Fungueni la matangazo tu, admini peke yao ndo watume, na CR, yaani kiongozi wa darasa, apige picha karatasi nzima pale ubaoni mpaka mhuri uonekane, asiandike upya kwa kichwa.

Muulizaji:
Hiyo ya picha nimeipenda, namwambia CR wetu. Wasio na bando je?

Mdau wa Maktaba:
Hao ndo msiwasahau kabisa, ubao wa matangazo ubaki, na karatasi zilizopitwa na wakati zibanduliwe.