Naomba ushauri: kutu chini ya mbao za mpini, Luger P08 ya 1916

Wadau, habari zenu. Ninayo bastola aina ya Luger P08 iliyotengenezwa na DWM (kiwanda cha silaha cha Ujerumani) mwaka 1916, namba zilizogongwa kwenye vipande vyake zinalingana hadi kwenye vile vidogo. Nilipofungua mbao za mpini nimekuta kutu nyekundu kwenye fremu, pale ukingo wa ubao unapogusa chuma. Kwa nje ni safi kabisa, hata ile rangi ya manjano-kahawia ya kifyatulio bado ipo, ndiyo maana sitaki papara.

Nimelowesha kwa mafuta mepesi usiku kucha, nikasugua taratibu kwa sufi ya shaba. Kutu ya juu imetoka, ila vishimo bado vina wekundu. Kupaka rangi upya sitaki kusikia. Ile ya kiwandani ikishaondoka hairudi tena, na thamani ya bastola huondoka nayo.

Je, nikiichemsha fremu tupu kwenye maji yasiyo na chumvi hadi kutu igeuke nyeusi, kule kuusugua weusi huo baadaye hakutakwangua rangi ya asili iliyo pembeni? Na upande wa ndani wa mbao, kabla ya kuzirudisha, nipake nta au niache pakavu?

Natanguliza shukrani.